Chupa za Bi Mize kwenye Dirisha la Mkunazini

Kabla ya kuandika miaka na tarehe kama nilivyoagizwa, nakiri jambo ambalo sijapata kumwambia mtu, hata mama yangu, Bi Mayasa, anayefanya kazi katika kiwanda hiki hiki cha achari. Mwezi wa Juni, skuli zilipofungwa, nilipewa na kampuni kazi ya likizo: karatasi mia na ishirini za kuwauliza wateja maoni yao. Nilizirudisha zote zimejazwa kwa mwandiko mzuri, na majibu mengi hayakuwa ya kweli. Jambo hilo linamhusu Bi Mize. Nitalifikia.

Sasa miaka na tarehe. Bi Mize Makungu anastaafu Jumamosi, tarehe 13 Disemba 2025, baada ya kuitumikia kampuni yetu, Achari Njema, kwa miaka thelathini na mitano na miezi tisa. Aliajiriwa Machi 1990, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano. Wakati huo kampuni ilikuwa chumba kimoja cha chini huko Mkunazini, Mji Mkongwe, dari moja ya wazi juu ya nyumba ya kuanikia ndimu, na marehemu Mzee Muhiddin, ambaye alikuwa mwenye kampuni, mpishi na mchukuzi.

Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kupasua ndimu na kuzitia chumvi. Mwaka wa pili akawekwa dirishani, pa kuwauzia wateja. Achari ya Mkunazini haikuwa na chupa zake. Mteja alileta ya kwake, imeoshwa, akaiacha kwenye rafu asubuhi na kuifuata alasiri imejaa. Hakuna chupa iliyoandikwa jina. Yenye uzi mwekundu shingoni ni ya Mzee Ubwa. Yenye kifuniko cha dawa ya kikohozi ni ya Bi Hija. Ile fupi ya kijani ilikuwa ikitoka kijijini Bwejuu kila mwezi kwa gari la samaki, haina mtu, na dereva aliambiwa aipakate.

Siku moja mtu alileta chupa iliyokwisha kuishi maisha mengine hotelini, na nembo yake bado imebandikwa. Huenda hakujua ilikuwa na kinywaji gani. Bi Mize hakuitia achari. Alijaza chupa nyingine, akaizungushia gazeti na kumwambia mteja ile yake ilikuwa na ufa. Yule bwana alishukuru sana. Mpaka leo analeta hiyo aliyopewa, na mpaka leo hajui.

Mwaka 2023 Bwana Mabrouk, mtoto wa Mzee Muhiddin na mkurugenzi wetu, alipata wawekezaji kutoka Dubai. Hapa ndipo ninapochanganyikiwa, na naomba wasomaji wanivumilie. Kitabu chetu cha biashara cha kidato cha tatu kina sura nzima kuhusu mitaji ya nje, na mwishoni kina jedwali: faida kushoto, hasara kulia. Nimejaribu kulijaza jedwali hilo kwa kampuni yetu. Kila ninachokiandika kushoto, nikikitazama tena nakiona kinataka kuhamia kulia, na cha kulia vivyo hivyo.

Tulijengewa kiwanda Bububu, na dirisha la Mkunazini likabaki kuuza achari inayotoka huko. Wafanyakazi walikuwa tisa, sasa ni arubaini na sita, na mmoja wao ni mama, ambaye kabla ya hapo alikuwa hana kazi. Wakulima wa ndimu wana mnunuzi wa uhakika. Bwana Suhail, mwakilishi wa wawekezaji, alizaliwa Dubai na Kiswahili chake alikipata kwa bibi yake kwa njia ya simu. Yeye ndiye aliyeshikilia kila mfanyakazi awe na mkataba na mafao ya uzeeni. Bila yeye, Bi Mize asingekuwa anastaafu. Angekuwa anaendelea tu mpaka achoke, kama Mzee Muhiddin.

Lakini achari iliyokuwa ikikaa juani darini siku arubaini, sasa inachemshwa na siki na kuwa tayari kwa siku tisa. Hoteli zinaisifu. Kule Jozani, watembezaji wa wageni wanaiuza kwenye kibanda chao, karibu na wanapotazamiwa kima. Bila siku tisa hizo, tusingeweza kuwatosheleza wote hao.

Bi Mize hakuupiga vita mtambo. Walipoletwa vifuniko vya nywele, aligusa mtandio wake akasema, “Mimi nshajifunika tokea mdogo,” kisha akakivaa juu yake. Ilipoletwa mashine ya kupima ukali wa ndimu, yeye alisema pipa fulani liko tayari, mashine ikasema bado. Wakalifungua. Mashine ilikuwa sahihi. Bi Mize alicheka mpaka akakaa chini. “Haya, nshaletewa mke mwenza, na kumbe anajua kupika!” Tangu siku hiyo mashine ikaitwa Mke Mwenza, na Bwana Suhail naye akaiita hivyo hivyo mbele ya wageni, mpaka bibi yake alipomfahamisha maana yake.

Sasa nimefika kwenye zile karatasi. Maswali yalikuwa mawili makubwa. Je, unaridhika na ladha mpya? Je, una pingamizi dirisha la Mkunazini likifungwa, achari iuzwe madukani tu kwa chupa za kampuni? Majibu yalikuwa visanduku viwili: Ndiyo na Hapana.

Nilisimama dirishani wiki mbili. Mimi si msemaji, na ile “Shikamoo” ya kwanza ilinitoa jasho. Mzee Ubwa aliitika “Marahaba,” akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Alhamdulillahi, mwanangu. Kakutuma Mabrouk? Mwambie nzuri sana.” Nikatia alama kwenye Ndiyo. Alipofika hatua tatu, akamwambia Bi Hija, “Siku hizi nnakula achari nnaona kama nnakunywa dawa.”

Bi Hija akamkatiza. “Nyamaza, mtoto anasikia. Kesho itaonekana yeye ndiye kaleta maneno.”

Nilipomuuliza Bi Hija kuhusu kufungwa kwa dirisha, alinicheka kwa upole. “Sisi tupinge nini, mwanangu? Mambo ya wenyewe hayo.” Nikatia alama kwamba hana pingamizi. Alikuwa ameikumbatia chupa yake kwa mikono miwili.

Karibu wote walikuwa hivyo. Nilichokisikia kweli nilikiandika kwenye daftari langu la misamiati, kwa sababu napenda namna watu wanavyosema. Kwenye karatasi sikukiandika. Visanduku havikuwa na nafasi, nami niliona haya kwenda kuuliza nifanye nini.

Ripoti ikatoka: wateja tisini na sita kwa mia wameridhika, na hawana pingamizi. Ikaamuliwa dirisha lifungwe siku atakayoondoka Bi Mize, kwa kuwa hakuna mwengine anayezijua chupa. Kwenye mkutano Bi Mize alisema jambo moja tu: rafu yake ina nafasi sitini, na sasa kwa siku zinakuja chupa kumi na tisa. Bwana Suhail akajibu kwamba wengine wanaosalia wananunua madukani. Huenda ni kweli, maana madukani tunauza mara tatu ya zamani. Huenda pia wamehamia achari ya mtu mwengine. Sijui. Hao wa nafasi arubaini na moja zinazobaki tupu sikuwauliza, kwa sababu hawakuja.

Na yeye Bi Mize, Bwana Suhail alipomuuliza uso kwa uso anaionaje achari mpya, alijibu, “Alhamdulillahi, mwanangu.” Nilimuuliza baadaye kwa nini. Alinishangaa. “Mgeni kaja kwako, kakujengea nyumba, utamwambia chakula chake kichungu?”

Bwana Mabrouk aliponiagiza niandike wasifu huu, alinitaka nitaje kwamba wateja wamekubali mabadiliko. Nilikaa na sentensi hiyo siku nne. Niliogopa kwamba nikisema kweli, wawekezaji wataudhika, na mama amepata kazi kwa sababu yao. Nikisema uongo, dirisha litafungwa kwa alama nilizozitia mimi, na Bi Mize atapewa zawadi yake siku hiyo hiyo linapofungwa.

Bi Mize, wafanyakazi wenzako wanakushukuru kwa miaka yote uliyotufunza kazi bila kumwaibisha mtu. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana usiokatizwa na kengele ya dirisha, na wajukuu wa kukupasulia ndimu.

Nilichofanya baada ya kuandika hayo ni hiki. Jumatano ya wiki hii nilimwambia mama. Akanifunga mtandio vizuri na kusema twende. Tulikwenda Bububu, nikampa Bwana Suhail daftari langu mbele ya Bwana Mabrouk. Alilisoma polepole, kidole juu ya maneno, na mara mbili alimuuliza mama maana yake. Mwisho akauliza, “Mbona hawakusema?”

Nikamjibu, “Walisema. Mimi ndiye sikuandika.”

Hakukasirika, wala hakufurahi. Alisema Jumamosi dirisha halitafungwa, na kwamba wateja wataulizwa tena, pamoja na wale walioacha kuja. Baada ya hapo hajui. Bwana Mabrouk aliuchukua wasifu huu, akaikata ile sentensi aliyoitaka yeye, akasema upigwe chapa nikiisha kuumalizia.

Alkhamisi, nilipotoka skuli, nilipita Mkunazini. Kwenye mkoba nilikuwa na chupa ya nyumbani kwetu, ambayo haijarudi dirishani tokea Ramadhani. Niliiweka mahali pake, rafu ya pili, na kumwambia Bi Mize kwamba achari ya siku tisa hatuipendi.

Alinitazama. “Wa kwanza huyo kuja kunambia,” alisema. Halafu akaiinua chupa kwenye mwanga, akaniuliza kama nimeiosha. Nilimwambia nimeiosha mara mbili.