Mzee Telesphory Bukuru, Mbeba Maswali ya Bangwe

Naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Mwaka jana, siku ndege mpya za jeshi zilipopita juu ya Bangwe, mtaa wetu wa kando ya ziwa hapa Kigoma, nyumbani kwetu kila mtu alikuwa amenuna kwa sababu ya gharama zake, nami nilikuwa nyuma ya jiko nikirukaruka kwa furaha. Zilikuwa nzuri sana. Mama mdogo wangu hajui mpaka leo. Nimeona nilitaje mapema kwa sababu habari ninayoisimulia inazihusu ndege hizo, na si vizuri msomaji adhani mwandishi alikuwa na hasira kama wenzake.

Sasa niingie kwenye kazi niliyopewa. Mzee Telesphory Bukuru, mtangazaji wa gari la matangazo la ofisi yetu ya halmashauri, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya utumishi wa miaka thelathini na nne. Hakuna mtaa wa Kigoma na Ujiji ambao haujasikia sauti yake. Wapo watu wazima wenye watoto wao ambao walijua kwamba kesho kuna chanjo, au kwamba soko limehamishwa, kwa sababu ya Mzee huyu.

Aliajiriwa kama mhudumu wa ofisi. Kazi yake ilikuwa kupeleka mafaili na kuchemsha chai. Siku moja mtangazaji wa wakati huo aliamka hana sauti, na kulikuwa na tangazo la kipindupindu ambalo lisingeweza kusubiri. Mkuu wa ofisi alitokea kwenye korido, akauliza nani anajua Kiswahili na Kiha kwa pamoja na hana aibu. Watu wote walimwangalia Telesphory, aliyekuwa anaimba huku akiosha vikombe. Alipewa spika, betri ya gari na baiskeli. Betri ilikaa kwenye kapu la nyuma na spika ikafungwa kwenye usukani. Anasema kwamba kwenye mlima wa kupanda Gungu alikuwa anatangaza neno moja, anapumua, halafu anatangaza la pili, na watu walimfuata kwa miguu ili wasikie mwisho wa sentensi.

Gari lilikuja baadaye, naye akapata dereva. Lakini tayari alikuwa na desturi yake, na hakuiacha. Anaanza kwa salamu ya Kiha, "Mwakeye," anasoma tangazo kwa Kiswahili, kisha kwa Kiha. Akimaliza anamwambia dereva azime gari. Anashuka, anasimama kando ya mlango, anangoja. Ukiwa na swali unamfuata. Kama jibu limo kwenye tangazo, anakueleza tena bila kuchoka. Kama halimo, anasema maneno ambayo hata watoto wa chekechea wanayaigiza: "Hilo sikupewa. Nitalibeba." Jioni utamkuta mlangoni kwa mkuu wa kitengo akisema kwamba kuna mizigo ya Ujiji, au ya Gungu, au ya Bangwe, na anaitua yote kutoka kichwani.

Si kwamba mambo yalikwenda vizuri kila mara. Kuna siku alitangaza Gungu kwamba maji yamekatika na watu wawe na subira, wakati nyuma yake bomba lilikuwa linamwaga maji hadi barabarani. Akina mama walikaa chini kwa kucheka. Mmoja alimwomba kwa heshima kwamba, kabla hajaendelea kuwapa pole, afunge lile bomba. Alilifunga, akarudi kwenye gari, akamalizia tangazo kwa sababu ndilo alilotumwa.

Lakini jambo ambalo Mzee Telesphory atakumbukwa kwalo ni la ndege.

Redio zilikuwa zimeshataja bei yake, namba ndefu ambayo msomaji wa habari alilazimika kuvuta pumzi katikati yake. Watu walikuwa wanaguna vijiweni. Ndipo ofisi yetu ikaletewa tangazo: ndege mpya zitafanya mazoezi katika anga ya Kigoma siku ya Jumanne, zitapita chini na kwa sauti kubwa, wananchi wasiwe na hofu. Mzee Telesphory alilisoma kama lilivyo. Siku hiyo alikuwa na mitaa mingi, na Bangwe alifika jua likizama, kwa hiyo maswali yalikuwa machache.

Yeye anasema kosa lilikuwa hapo. Hakuuliza "chini" ni chini kiasi gani.

Pwani ya Bangwe dagaa huanikwa mchangani. Miaka ya nyuma iliwahi kutua helikopta karibu na hapo, na upepo wake ukapeperusha dagaa hadi barabarani, kuku wakala sikukuu. Kwa hiyo akina mama waliposikia kwamba ndege zitapita chini, hawakuogopa sauti wala mabomu. Walifikiria dagaa. Mama mdogo wangu, Skolastika, ndiye aliyetoa wazo, na pwani nzima ikamfuata: Jumanne asubuhi dagaa wote walifunikwa kwa nyavu na maturubai, wakawekewa mawe pembeni. Mawingu yakatanda, ndege hazikuja. Jumatano hazikuja. Hakuna aliyethubutu kufunua. Zilipokuja Alhamisi zilipita juu sana, hata kofia ya mtu haikutikisika, na kabla hujamaliza kunyoosha kidole zilikuwa zimeshapotea upande wa Ilagala. Chini ya maturubai dagaa walikuwa wameshavunda. Ukipita upande wa pili wa barabara ulikuwa unawajua.

Kesho yake Mzee Telesphory alifika Bangwe na tangazo la chanjo ya mbwa. Alilisoma lote, akazimisha gari, akashuka. Hakuna aliyeuliza habari za mbwa.

"Mzee, kwenye ndege hizo ulipewa kiti cha dirishani?" kijana mmoja alimtania, na watu wakacheka, ingawa si kwa furaha.

Eliakimu, fundi wa injini za boti, alikuja na mikono yake ya mafuta. "Mimi nikimtafutia mtu injini," alisema, "kabla hajauliza inakimbiaje, ananiuliza inakula mafuta kiasi gani na ikiharibika spea zinatoka wapi. Hizo zinakula kiasi gani? Na spea zinatoka wapi?"

Mama mdogo alimsukuma pembeni. Yeye hakuwa na habari na mafuta. "Waume zetu wananyang'anywa injini na nyavu ziwani," alisema. "Nikipiga simu, ndege hiyo itamfuata mwizi, au itapita tu kutuaga?"

Wengine walipinga. Mzee mmoja aliyepigana vita zamani alisema kwamba nchi isiyo na ndege ni kama nyumba isiyo na mlango, na mlango haununuliwi siku mwizi ameshaingia. Akaulizwa kama mlango huo ni wa dhahabu. Kelele ziliendelea hadi dereva akaanza kuangalia saa.

Mzee Telesphory aliwasikiliza wote. Kisha alisema kwamba la dagaa ni lake, alisoma neno ambalo hakulielewa, na anaomba radhi. Kuhusu hayo mengine alisema, "Sikupewa. Nitayabeba." Jumamosi yeye na mkewe walikuja na majembe na mapipa, wakasaidia kuwakusanya dagaa walioharibika, ambao waliishia kuwa chakula cha kuku.

Mkuu wa kitengo chetu, Bwana Walter, ameniruhusu niandike sehemu inayofuata, na amesema nisiipunguze. Alikuwa amehamia Kigoma mwaka huohuo. Mzee Telesphory alipomfikia mlangoni na mizigo ya Bangwe, alishtuka. Mambo ya ulinzi si ya ofisi kama yetu, na aliona wazi barua ya kumtaka ajieleze ikija na jina lake.

"Mzee wangu, sisi tunapeleka matangazo," alisema. "Haturudishi maswali."

"Mkuu, nimeshawaambia nitayabeba. Nikiyatua hapa mlangoni, siku nikisema maji yana kipindupindu, hawataniamini."

Bwana Walter alimwambia kwa upole kwamba desturi ya kuzima gari imekwisha. Kuanzia wiki ile tangazo lingerekodiwa na kuchezwa gari likiwa linatembea. Mzee Telesphory angemalizia muda wake stoo, kuhesabu matairi. Kwa mtu aliyebakiza miezi michache astaafu, stoo si adhabu kubwa. Kuna kivuli na kuna kiti. Lakini yeye alikuwa ameacha neno lake Bangwe, na sasa hakuwa na gari la kulirudishia. Wenzake wanasema hicho ndicho kipindi pekee ambacho hakuimba.

Gari lilizunguka na sauti ya kwenye mashine. Sauti ilikuwa yake mwenyewe, iliyorekodiwa siku moja, lakini gari halikusimama, na watu wakagundua upesi. Watoto walilikimbilia wakiuliza Mzee yuko wapi, likawapita. Siku ya chanjo ya mbwa daktari wa mifugo alipanga sindano zake kwenye uwanja wa Bangwe na kungoja. Alikuja mbwa mmoja, peke yake, bila mwenyewe, naye alifuata harufu ya maandazi. Daktari alicheza drafti na mlinzi wa shule hadi mchana, akarudi mjini na ripoti fupi.

Bwana Walter aliisoma ripoti hiyo, akatoka, akaenda stoo. Alimkuta Mzee amekaa kwenye tairi la trekta. Alimwomba amtajie maswali ya Bangwe tena, taratibu, moja moja, ili ayaandike, kisha akayapeleka ngazi za juu kwa jina lake mwenyewe. Siku iliyofuata Mzee Telesphory alirudi kwenye gari. Bangwe walimpokea kwa vigelegele, na papo hapo wakamuuliza mzigo umefikia wapi. Alijibu kwamba uko njiani. Waliendelea kumuuliza hivyo kila alipopita, na wengine walikuwa wanamuuliza kwa kuzomea kidogo, mpaka likafika tangazo ambalo alilisoma akitabasamu: afisa wa jeshi la anga atakuja Bangwe kuongea na wananchi.

Aliyekuja ni Meja Yunisi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu. Mimi nilikuwa pale, nimekaa nyuma kabisa, karibu na magoli. Hakuja na maneno matamu. Alieleza ndege zile zinafanya nini, zinatengenezewa wapi, na kwa nini saa moja ya kuruka ina gharama kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kuna namba alizosema hawezi kuzitaja, na alisema hivyo waziwazi badala ya kuzunguka. Eliakimu alimuuliza la spea mara tatu, kila mara kwa njia nyingine, na mara ya tatu Meja alikiri kwamba hata kwao ndilo swali linalowakosesha usingizi.

Kisha mama mdogo akasimama na la wezi wa ziwani.

"Mama, nisikudanganye," Meja Yunisi alisema. "Ndege ile haimkamati mwizi wa injini. Hiyo ni kazi ya boti za doria, na boti hazimo mikononi mwangu. Lakini nitalibeba."

Hakujua amesema nini. Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko na makofi, na yeye akageuka kumwangalia Bwana Walter kama vile amefunga vifungo vibaya. Mzee Telesphory alikuwa amesimama kando ya gari lililozimwa, akijifuta macho kwa leso.

Si kwamba watu wote walikubaliana. Eliakimu bado anasema ni ghali, na yule mzee aliyepigana vita bado anamjibu. Boti ya doria imeanza kuonekana upande wetu, si kila siku, ila inaonekana. Kilichobadilika zaidi ni ofisini. Bwana Walter ameagiza kwamba kila ratiba ya gari la matangazo iwe na muda wa kusimama na kusikiliza, na kwamba kabla tangazo halijatoka, atakayelisoma aulize maneno yote asiyoyaelewa. Dada Restituta, anayeichukua kazi hiyo, amefundishwa na Mzee mwenyewe tangu Januari. Amejifunza Kiha cha salamu, kupanda Gungu kwa gia ya pili kwa kuwa ataendesha mwenyewe, na kukaa kimya, jambo ambalo anasema ndilo gumu kuliko yote.

Mzee Telesphory, tunakushukuru kwa kila tangazo ulilotupelekea na kwa kila swali ulilotuletea. Ofisi ilikuwa inakuona kama mdomo wake, kumbe ulikuwa pia masikio yake. Pumzika vizuri na Mama, shamba likuitikie, sauti ibaki imara, na siku utakapotembelea Bangwe usibebe kitu.

Limebaki jambo moja, nalo ni kwa wasomaji wengine wote. Mzee atapata nakala yake ya jarida hili siku ya sherehe ya kumuaga. Asubuhi ya siku hiyo Dada Restituta atapita Bangwe na gari, Mzee akiwa ndani akidhani wanakwenda kujaza mafuta. Tangazo la kwanza la Dada litakuwa la kustaafu kwake, kwa Kiswahili na kwa Kiha. Halafu gari litazimwa, na safari hii watu watamuuliza Mzee habari zake mwenyewe: atafanya nini, atakula nini, nani atamwimbia. Mama mdogo ana swali lake ambalo amekataa kuniambia hata mimi. Tafadhali, ukikutana na Mzee kwenye korido kabla ya hapo, msalimie tu na upite.