Binti wa Xavery Hatembei

Kijiwe chetu hapa Kibimba kina benchi moja, birika la Ildefonsa muuza kahawa, na wanaume watatu ambao jembe likiwaona linabisha hodi kama mgeni. Mimi ni mmoja wao. Asubuhi hiyo Xavery alifika na karatasi mkononi, amevimba. Watafiti walikuwa wamempa binti yake Scola, wa kidato cha pili, kifaa cha kufunga kiunoni wiki nzima, kipime anavyoushughulisha mwili. Jibu limekuja: "Chini sana. Ashauriwe kukimbia nusu saa kila jioni."

— Mwanangu mvivu? Wa kwangu mimi?

— Kosa ni vilima, akasema Danstan, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Kifaa cha tambarare hicho! Ukipanda kinajumlisha, ukishuka kinatoa. Mtoto akifika nyumbani, sifuri!

— Tena kimetengenezewa watoto wa lami, nikachombeza. Kikiona mguu peku kinadhani ni kuku, kinanyamaza.

Ildefonsa akaguna.

— Baba Scola, si ulikifungia sandukuni pamoja na cheti cha ndoa?

— Kitu cha watu! Kikilowa nitasema nini? Jumapili alikivaa, akaenda nacho kanisani.

— Basi kimepima sala.

Hatujamaliza kucheka, akatokea Avelina, dada wa utafiti, na daftari lake.

— Shikamooni.

— Marahaba! Xavery akamdaka. Futa hii, andika upya! Kuchota maji, saa tatu kwa siku!

— Kuni, tatu! akadakia Redio.

— Shamba, nne!

— Mbuzi, tatu!

— Ndizi za gulioni, nne! nikapiga benchi.

— Kupika, mbili! Kwenda shule na kurudi, mbili!

Tulishangilia kama tumefunga bao. Avelina akajumlisha taratibu.

— Ishirini na moja. Kweli huyu si mvivu. Zimebaki tatu, na hajakaa darasani wala kulala. Mtihani wa taifa ni Novemba. Baba Scola, anasoma wakati gani?

Redio alifungua mdomo, akaujaza kahawa. Mimi nikaanza kufunga kamba za viatu ambavyo havina kamba.

Xavery akainuka, akakung'uta suruali.

— Jamani, maji siku hizi yanachotwa wapi?

Tukamgeukia Ildefonsa, wanaume wazima.