Mwalimu Yoakimu na Vichaka Vitatu vya Majani ya Kijivu

Ndugu waombolezaji, wazee wetu shikamooni, mimi ni Renatus, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yangu, Mwalimu Yoakimu Basili Tluway, nami nayasoma kwa moyo mzito.

Marehemu alizaliwa Masieda, wilayani Mbulu, tarehe 3 Mei 1954, akasoma shule ya msingi hukohuko, akahitimu ualimu mwaka 1976, akapangiwa hapa Getanuwas, wilayani Hanang, akafundisha hadi alipostaafu mwaka 2014. Tarehe 12 Julai 1980 alifunga ndoa na Oliva, wakajaliwa binti mmoja, Fabiola.

Ni mbugani huku alikokutana na kichaka cha majani ya kijivu, ambacho mbuzi na wachoma mkaa walikuwa wanakimaliza, na kilipobaki kimoja tu alichuma mbegu zake zote, akazipanda hapa nyumbani wakati wa mvua kubwa za mwisho wa 2019, zikaota tatu. Kichaka hiki hakina haraka, kwa miaka mingi hutoa majani machache madogo kama kucha, huku mzizi ukishuka kutafuta maji, na ukikatwa hakichipui tena. Tulimcheka kwamba amezungushia magugu boma la miiba, naye akasema aliyezoea kungoja mvua Getanuwas hashindwi kungoja majani. Mwaka jana kile cha mbugani kikachomwa mkaa, vikabaki hivi vitatu.

Februari mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya koo, akatibiwa, akazidi kudhoofika, neno lake la mwisho kwetu likawa tumlindie vichaka vyake, akafariki Jumatatu, tarehe 11 Agosti 2025.

Kesho yake, sisi tukiwa tumefuata mwili hospitalini, vijana walikuja na majembe kusafisha uwanja wa turubai hili, kama tulivyowafundisha wenyewe kwamba nyumba ya msiba lazima iwe safi, wakaondoa miiba, wakang'oa vichaka vyote vitatu vilivyokuwa ndani, wakidhani ni magugu. Oliva alikuwa chumbani kwenye mkeka wa mjane, alisikia majembe, akadhani wanachimba kaburi. Hatumlaumu mtu, lakini inauma, inauma sana, kwa sababu mbegu nyingine hakuna.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, walimu wenzake, na ninyi vijana pia, mlioamka mapema kwa upendo.

Pumzika kwa amani, kaka, ulichotuachia tukilinde tumekimaliza kabla hatujakuzika.