Ukurasa wa Tatu: Wasifu wa Makram Girgis Ayub, 1961–2025

Programu mliyopewa getini kaeni nayo. Picha ni nzuri na nyimbo ziko sawa. Lakini ukurasa wa tatu msiusome. Ukurasa huo unasema marehemu "aliacha uigizaji mwaka wa 2014 kwa sababu za kiafya." Huo ni uongo, na aliyeuandika ni Levis Wasike, shemeji yake, ndugu ya mjane, huyu huyu aliyesimama mbele yenu na karatasi nyingine mkononi. Marehemu alifukuzwa katika kazi yake kwa kusingiziwa ulevi. Miaka kumi na moja aliamini kwamba aliyemsingizia ni Bravin, dereva wake, na ameingia kwenye jeneza hili akiamini hivyo. Bravin yuko pale nyuma kwenye ua wa michongoma, amekuja bila kualikwa. Leo, kabla ya udongo, jambo hilo litanyooshwa. Levis atajiita Levis mpaka mwisho, maana wasifu hauna "mimi," na pia kwa sababu akisema "mimi" atatapika.

Mzee Hiram, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, ataanza kukohoa na kuonyesha saa. Na akohoe.

Marehemu Makram alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika mji wa Atbara, kaskazini mwa Sudan, mtoto wa pili wa Girgis Ayub, karani wa reli, na mkewe Samira. Walikuwa Wakristo wa Kikopti, na kama ilivyo desturi ya watu wao, alichanjwa msalaba mdogo wa wino kwenye kifundo cha mkono wa kulia, hapa chini kabisa panapofungwa saa. Ndugu mdogo wa baba yake alikufa kwa araki, ile chang'aa yao ya tende, na siku ya mazishi Girgis aliwapanga watoto wake wote mbele ya jeneza akawaapisha wasiwahi kuonja pombe. Makram alikuwa na miaka saba. Hakuonja mpaka anakufa. Hata divai ya ushirika alikuwa akigusisha midomo tu.

Mwaka wa 1971 familia ilihamia Birmingham, Uingereza. Shuleni walimcheka kwa sababu hakujua Kiingereza, kwa hivyo akajifunza kwa kumwiga kondakta wa basi lililompeleka shule. Mwaka mzima mtoto wa miaka kumi aliongea kama mzee wa miaka hamsini mwenye kifua kibovu, na siku moja alimwambia mwalimu mkuu asogee ndani, nyuma bado kuna nafasi. Badala ya kumchapa, yule mwalimu alimpa nafasi katika mchezo wa Krismasi. Hivyo ndivyo alivyoanza. Kutoka 1980 hadi 1983 alisomea uigizaji mjini London, na kwa darasa lake alikuwa Mwafrika peke yake.

Filamu yake ya kwanza ilitoka 1985. Mkiambiwa "mwigizaji wa sinema za Uingereza" mnafikiria magari na miwani. Basi sikieni alivyotumika. Katika kazi arobaini na moja, za sinema na televisheni, alikuwa gaidi, mlinzi wa gaidi, dereva wa teksi, dikteta mnono, na maiti. Alipigwa risasi, alilipuliwa, alitupwa kutoka kwa helikopta. Mara mbili tu alipewa mke, na jina la huyo mke halikutajwa. Kila asubuhi mtu wa vipodozi alichukua krimu fulani ya rangi ya ngozi akausiliba ule msalaba wa mkononi, kwa sababu gaidi wa sinema hawezi kuwa na msalaba. Makram alikuwa akisimulia hayo huku akijifuta mkono na leso, kama vile ile rangi bado iko. "Levis," alisema, "mimi nimekufa mara nyingi kuliko mtu yeyote wa Birmingham, na hakuna hata mara moja waliyonizika." Watu walicheka. Levis alicheka pia, mjinga yule.

Januari 2014 alikuja Kenya kwa filamu ambayo jina lake halitatamkwa mbele ya kaburi hili. Ilikuwa hadithi ya vita vya Sudan. Ilipigwa picha huku kwetu, upande wa Olkaria, kwa sababu vumbi na ule mvuke unaotoka ardhini ulifaa kijiji kilichochomwa. Kwa mara ya kwanza alipewa sehemu ya mtu mzima: daktari wa Kisudani mwenye jina na watoto. Alifurahi mno. Dereva wake alikuwa Bravin, kijana wa mtaani kwetu Nakuru, na kila alfajiri walienda pamoja wakila njugu na kufundishana matusi, ya Kiarabu kwa ya Kibukusu. Nyuma ya gari alikaa Levis, aliyeajiriwa kumshikia dairekta mwavuli.

Watu mia moja wa huku walichukuliwa kuigiza kama wakimbizi na kama maiti. Miongoni mwa maiti alikuwa Mama Truphosa Wasike, miaka sitini na mitatu wakati huo, mama yake Levis na Trizah, huyu mjane. Yuko hapa mbele. Shikamoo, mama.

Alhamisi tarehe 20 Februari maiti walilazwa chini saa tatu asubuhi. Kutoka kichinjioni yalikuwa yameletwa matumbo ya ng'ombe na ndoo za damu, ili ionekane kweli kweli. Yalikuwa matumbo ya Jumatatu. Waliyapanga juu ya matumbo ya watu, mtu kwa mtu, na wamama wakaambiwa: ukipunga nzi, umeharibu, unarudi nyumbani. Wakalala. Saa sita. Saa saba. Harufu ilikuwa inashika kooni kama mafuta yaliyoganda. Wale waliokuwa wakipiga picha walivaa barakoa. Dairekta alikuwa chini ya mwavuli anakunywa maji baridi, na aliyeushika mwavuli ni Levis, hatua ishirini kutoka kwa mama yake, na kivuli hakikumfikia mama yake, na Levis hakukisogeza.

Makram alitakiwa apige magoti kando ya Mama Truphosa na kulia. Alipiga magoti. Akaona funza anatembea kwenye mdomo wa mama, na mama hajatikisika, amefumba macho, anafanya kazi aliyopewa. Makram hakulia. Aliyashika yale matumbo kwa mikono yake miwili akayatupa, akamfuta mama mdomo kwa mkono wa shati lake, akamwambia kwa kile Kiswahili chake cha kuchechemea, "Mama, amka. Kazi imekwisha."

Mama akajibu bila kufumbua macho, "Wacha, baba. Watanifukuza."

"Wanifukuze mimi."

Dairekta alipiga kelele kwamba picha bado inachukuliwa. Makram alitapika pale pale, kisha akamwinua mama, akamshika mkono mpaka kwa gari. Bravin alikuwa ameshawasha injini. Wamama wengine nao wakaamka, mmoja mmoja, wakayasukuma yale matakataka wakaondoka. Levis alibaki ameshika mwavuli.

Siku ya tatu, Jumapili, mtu mmoja wa kampuni ya filamu alimwita Levis hotelini Naivasha, akamwekea karatasi. Ilisema kwamba Makram alifika kazini Alhamisi ile akinuka pombe, kwamba alianguka mara mbili, kwamba aliwashika wamama vibaya. Wamama! Levis alikuwa na miaka ishirini na tisa na cheti chake cha chuo. Alisoma kila neno akaelewa kila neno. Akauliza, "Sasa boss, mimi napata nini?" Hakuuliza kama ni kweli. Aliuliza hilo.

Alipata sehemu katika filamu. Askari. Maneno manne: "Wamekimbilia kule ng'ambo, afande." Akatia sahihi. Aliyasema yale maneno nyumbani mbele ya kioo wiki nzima, na mama yake, aliyekuwa bado anajisugua na majivu na ndimu harufu imtoke, akampigia makofi. Filamu ilipotoka mwaka uliofuata Levis aliita vijana wote wa mtaa waje kumwona. Sehemu ile ilikuwa imekatwa. Kilichobaki ni buti zake zikipita. Hiyo ndiyo bei ya shemeji yenu. Ptu!

Nakala ya ile karatasi ilimfikia Makram pamoja na barua ya wakili, jina la shahidi likiwa limefunikwa kwa wino mweusi. Ilisema tu kwamba ni "mfanyakazi wa Kenya aliyesafiri naye kwa gari kila siku." Makram akamfikiria dereva. Nani angemfikiria kijana wa mwavuli, ambaye mama yake mwenyewe ndiye aliyeokolewa? Habari ilitembea London nzima kwamba yule Msudani ni mlevi na anashikashika wanawake. Simu zikanyamaza. Baba yake Girgis, aliyekuwa hai bado, aliisoma gazetini. Alimpigia mwanawe akamuuliza swali moja tu, kuhusu kile kiapo, na hakuliamini jibu. Alikufa mwaka wa 2015 bila kuliamini.

Makram alirudi Nakuru kumjulia hali Mama Truphosa, na huko akamjua Trizah, mjane mwenye mtoto mmoja, Jackie. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 10 Desemba 2016, wakahamia mtaa wa London hapa Nakuru. Alipompigia dada yake Nadia kumwambia anahamia London, dada alipiga vigelegele, akaanza kumtafutia nyumba karibu na kituo cha treni. Ilichukua nusu saa kumwelewesha. Harusi hiyo mshenga alikuwa Levis. Alivaa suti. Alikula pilau sahani mbili.

Bravin alikuja harusini na mbuzi. Makram alimrudisha na mbuzi wake getini, mbele ya watu, na yeye si mtu aliyekuwa na tabia hiyo. "Muulize, anajua alichofanya," alimwambia Levis. Levis alitoka, akasimama na Bravin dakika tano, akarudi akasema, "Amekataa kusema." Hakuwa amemuuliza kitu.

Marehemu alinunua robo eka hapa Kabazi, akapanda viazi na parachichi, akafundisha watoto wa kanisa kuigiza kila Jumamosi, na hakumruhusu mtoto yeyote aigize maiti. Mwaka wa 2022 figo zake zilishindwa. Aliwekwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara mbili kwa juma, na aliyempeleka ni Levis. Watu wa kanisa walisema, jamani, shemeji kama huyu utampata wapi. Alipolala pale na mipira mkononi swali lake lilikuwa lile lile. "Bravin alilipwa nini, unadhani?" Na Levis, "Sijui, shemeji." Makram alikuwa amejifunza methali kwa Mama Truphosa, akapenda kuirudia: kikulacho ki nguoni mwako. Aliisema akimtazama Levis usoni, akitafuta mtu wa kumwonea huruma.

Julai mwaka huu Bravin alileta uji wa wimbi hospitalini, mkewe ameupika bila chumvi, kwa chupa ya chai. Makram aligeukia ukutani. "Umwage," alisema. Levis hakuumwaga. Aliketi kwenye ngazi za hospitali akaunywa wote, ulikuwa mtamu, akamrudishia Bravin chupa akamwambia mgonjwa ameshukuru.

Makram alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na minne. Levis alikuwa kwenye kiti kando yake. Neno lilikuwa mdomoni, lilikuwa limefika kwenye meno. Akaongea habari za mvua ya Subukia.

Jana Levis alimfuata dada yake jikoni akamwambia yote. Trizah alikuwa anachambua mboga. Hakulia. Alisema, "Ulimchafua mbele ya watu, utamsafisha mbele ya watu. Mimi usiniombe msamaha hapa kwa sufuria." Levis akasema mama atakufa akisikia. Trizah akasema, "Mama alilaliwa na matumbo yaliyooza akavumilia. Wewe atakuvumilia."

Mama, hapo ndipo tulipo. Umesikia.

Marehemu ameacha mjane, Trizah, binti, Jackie, dada, Nadia, anayetufuata kwa simu kutoka Birmingham na anayetafsiriwa maneno haya na Jackie, mama mkwe, Truphosa, na watoto kumi na wanane wa Jumamosi. Katika orodha iliyochapwa lipo pia jina la Levis Wasike, "shemeji na rafiki wa karibu." Mwenye kalamu alikate. Asiye na kalamu alikwaruze kwa kucha. Juu yake andikeni Bravin Simiyu, ambaye hakutia sahihi yoyote, aliyewasha injini.

Wabebaji wa jeneza ni sita na wa mbele kulia alikuwa Levis. Nafasi hiyo iko wazi. Bravin, toka kwenye huo ua. Ukikataa kumbeba, hakuna atakayekulaumu, alikufukuza na mbuzi wako. Ukikubali, njoo ushike.

Na wewe Makram, uliyeomba kuzikwa walau mara moja, lala kwa amani. Jibu ulilompa baba yako lilikuwa la kweli. Hukuwa umelewa.