Bi. Katunge: Kutoka Mkiani Hadi Ng'ambo ya Mto

Bi. Katunge Mulwa anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na minne katika ofisi yetu ya mifugo hapa Kanyangi. Kwa vyeti yeye ni mchanjaji. Kwa wananchi yeye ni Daktari, na hakuna aliyewahi kuthubutu kuwasahihisha.

Alizaliwa Kalamba, akaanza kazi mwaka 1991 kwa baiskeli, kisha akapewa pikipiki. Amechanja ng'ombe, mbuzi, mbwa wakali, na mara moja kwa bahati mbaya paja la mwenye mbuzi. Jambo moja tu lilimnyima raha. Kila msimu wa mvua mto hujaa, pikipiki haivuki, na wafugaji wa ng'ambo hubaki bila chanjo. Katika daftari lake, mbele ya jina la kijiji chao, aliandika "hawakufikiwa" mwaka baada ya mwaka. Alituambia waziwazi kwamba hataki kustaafu na neno hilo.

Dawa ya tatizo ilitoka mji wa Kabati. Bulle, mfanyabiashara wa mifugo, alikuwa na farasi mpole aitwaye Farhan, akajitolea kutuazima na kutufundisha kumpanda. Sisi vijana wa ofisi tulikumbuka ghafla kazi nyingi za mezani. Bi. Katunge, akiwa na miaka hamsini na tisa, akainua mkono.

Somo la kwanza lilikuwa mwezi wa Agosti mwaka jana, na soko zima likaja kutazama. Alivaa suruali ndani ya sketi ili akina mama wa kanisa wasipate la kusema. Wakalipata hata hivyo. Kisha akapanda kama tunavyopanda punda huku kwetu tangu utotoni: nyuma kabisa, karibu na mkia. Bulle akapiga kelele, "Mama, huyo si punda! Kaa katikati!" Farhan hakungoja tafsiri. Aliinua matako mara moja, na Daktari akatua juu ya mbaazi za watu zilizoanikwa. Alipoinuka, swali lake la kwanza lilikuwa kama kisanduku cha chanjo kiko salama. Kilikuwa kitupu, tena kilikuwa kimebaki ofisini.

Alianguka mara tano zaidi, nami nilihesabu. Mchungaji aliombwa amwombee, akasema atamwombea farasi kwanza.

Novemba homa ya mapafu ikaingia kwa mbuzi wa ng'ambo. Mto ulikuwa umeshuka hadi tumbo la farasi, lakini pikipiki ya Jonah, dereva wetu, isingethubutu. Bi. Katunge akajifunga mgongoni kisanduku cha chanjo chenye barafu, akaketi katikati, akaingia majini. Katikati ya mto Farhan akasimama, akainama, akaanza kunywa. Jonah akapaza sauti kutoka ukingoni, "Daktari, mpige! Hiyo barafu itayeyuka!" Hakumpiga. Mtu aliyekua akichota maji kwa punda anajua mnyama mwenye kiu hapigwi. Alingoja, akiimba wimbo wa kwaya kwa sauti iliyotetemeka, mpaka Farhan akaridhika na kuendelea. Sisi ukingoni tuliogopa sana, na sioni aibu kusema hivyo.

Alichanja mbuzi mia tatu na kumi na wawili. Jioni alirudi amelowa, akafungua daftari, akaandika "wamefikiwa". Kisha akaomba chai yenye sukari nyingi.

Tulitaka kumpa saa ya ukutani kama zawadi. Akasema tununue tandiko jipya, libaki ofisini. Tangu Jumatatu mimi ndiye mwanafunzi. Nilipanda kwa mbwembwe, nikakaa palepale, karibu na mkia. Bi. Katunge alicheka hadi akafuta machozi, kisha akanigonga begani: "Songa mbele. Ng'ambo wanakungoja."

Daktari, asante kwa miaka yote hii. Pumzika vyema huko Kalamba, mbuzi wako wanenepe na magoti yako yapone. Novemba ukisikia mvua juu ya mabati, lala tu. Tutavuka.