Maisha ya Fundi Aliyeezua Nyumba Yake Kwanza

Waombolezaji wenzetu, mliotoka mbali na ninyi tunaopakana nanyi kuta, marehemu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya udongo upande huu wa mto wa mpakani, mtoto wa kwanza wa mama mshonaji na baba mlinzi wa ghala, akafuatiwa na dada wawili ambao wametangulia mbele ya haki, na mdogo wake wa kiume, kitindamimba, ambaye yupo nasi hapa, amekaa safu ya mbele.

Alianza shule ya msingi Januari 1969, akamaliza darasa la saba mwaka 1975, alifaulu, lakini baba yao alifariki mwezi uleule, naye akaona akienda sekondari nyumbani watalala njaa, akamfuata fundi wa kuezeka, akawa anambebea misumari, mpaka mwaka 1980 alipoezeka paa lake la kwanza peke yake, na paa hilo lilikuwa la mama yake.

Mapaa yaliyofuata ndiyo yaliyomsomesha mdogo wake hadi chuo kikuu, na mdogo alipoajiriwa katika benki ya serikali, Septemba 1994, fundi aliazima shati jeupe akaenda mjini kumtazama tu anavyokaa ofisini, akarudi anawaambia watu, "Mtu wangu anakalia kiti kinachozunguka, akitaka dirisha anageuka, akitaka mlango anageuka, mimi nikigeuka huko juu nazikwa."

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na muuza sabuni wa sokoni, ambaye alimpendea ulimi wake, kwa sababu siku ya kwanza alimwambia, "Wewe fundi, ukianguka usinitazame mimi, sina mikono ya kudaka mume," wakajaliwa watoto wanne, wa kike watatu na wa kiume mmoja, na wajukuu sita, wa mwisho bado ananyonya.

Kazi yake mnaijua, maana karibu nyumba zote za mtaa wetu wa zamani aliziezeka yeye, na mvua ikinyesha alikuwa na tabia ya kupita nje na mwavuli akiuliza kila mlango kama panavuja, hata kwa watu waliomnunia.

Mwaka 2014 benki ya serikali ilikubali kutoa mkopo wa kujenga bomba la mafuta kutoka visima vya nchi jirani, livuke mpaka, lipite katikati ya mtaa wetu, na mdogo wake, ambaye wakati huo alikuwa katika ofisi ya mikopo mikubwa, alikuja nyumbani Jumapili moja, akala, akapumzika, akamwita kaka yake uani, akamweleza kwamba benki haitaachia fedha mpaka njia ya bomba iwe wazi, pasibaki nyumba iliyosimama, kwamba nyumba mpya za matofali zimo ndani ya mkopo huohuo, ila watu wanasita, sasa akianza fundi mwenyewe, nani atabaki nyuma. Fundi alimuuliza jambo moja, "Hizo nyumba umeziona kwenye mkataba kwa macho yako?" na mdogo akasema, "Kaka, wewe ndiye uliyenisomesha, nitakudanganya wewe?" Lile lilikuwa swali, yeye akalipokea kama jibu.

Tarehe 2 Agosti 2014 alipanda juu ya nyumba yake akaiezua, mke wake akipokea mabati chini, akisema kwamba hajawahi kuona mtu anavua nguo mchana kwa kuahidiwa suti, naye akacheka. Majirani walipoona fundi ameezua kwake, waliezua na wao, na aliwaezulia bure, polepole, bati lisipasuke, akafunga mabati ya kila nyumba kwa waya wake na kuyatia alama ya rangi, ili kila mtu arudishiwe yake kwenye nyumba mpya. Siku kuta nazo zilipobomolewa na njia ikawa nyeupe, watu wa benki walikuja kupiga picha, na fedha zikatoka.

Mabomba yalikuja, yakaunganishwa, yakafukiwa, yakavuka mpaka, yakazinduliwa kwa vipaza sauti, lakini nyumba hazikuja, na kila aliyemuuliza fundi alijibiwa kile alichokuwa akiambiwa na mdogo wake kwa simu, kwamba ni mwezi ujao, mpaka watu wakampa jina hilo, Mwezi Ujao, na hata kinyozi wake alikuwa akimuuliza, "Nikunyoe leo, au mwezi ujao?" Alicheka mwanzoni, kisha akaacha kwenda kunyoa.

Februari 2016 alikwenda benki, akakaa mapokezi tangu asubuhi, na mdogo wake aliposhuka hakumpandisha juu, alimwambia wakiwa wamesimama karibu na mlinzi, "Kaka, benki haijengi nyumba, benki inakopesha, ya nyumba mwulizeni mkandarasi," na kumbe mkandarasi alikuwa ameshahama na mitambo yake. Kuanzia siku hiyo hakupanda tena juu ya paa la mtu.

Alianza kuvimba miguu mwaka 2021, akatibiwa zahanati, kisha hospitali kubwa, ambako madaktari waligundua kwamba moyo umepanuka. Tarehe 11 Juni 2023 mdogo wake alifika wodini, akakaa kitandani miguuni pake, akasema mbele ya mke wa marehemu, "Nyumba hazikuwemo, kaka, nilijua tangu mwanzo, ningekwambia usingeezua." Marehemu aligeukia ukutani, akasema, "Basi kawaambie na wao, mimi wananiita mwongo." Alifariki tarehe 19 Juni 2023, saa nne asubuhi, mke wake akimkata kucha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake waliochimba kaburi, mama wa jirani aliyemletea uji bila kukosa wakati wengine walikuwa hawatusalimu, na kinyozi, ambaye jana alikuja kumnyoa kwa mara ya mwisho.

Wako wanaouliza kwa nini mdogo wake amekaribishwa mbele, na jibu ni kwamba marehemu aliagiza asifukuzwe, wala asitukanwe, bali asimame aseme kwa kinywa chake alichokisema wodini, kwa hiyo kabla udongo haujarudishwa tunampisha, nanyi majirani tunawaomba mnyamaze mumsikilize mpaka amalize.

Nawe baba, fundi wetu, pumzika kwa amani, hukumdanganya mtu.