Majina Kumi na Tisa ya Mwalimu Jefwa

Mwalimu Jefwa Gona Fondo anastaafu tarehe 31 Desemba 1963, baada ya kufundisha miaka thelathini na miwili, ishirini yote hapa skulini kwetu Changamwe. Walimu wameniomba mimi, Obeid Ghanim, karani, niuandike wasifu huu kwa kuwa taipureta iko kwangu. Lakini sababu hasa ni kwamba nimekaa naye ukuta kwa ukuta tangu 1946, na ukuta wenyewe ni wa mbao. Kila alilofundisha nililisikia, hata nisilolitaka.

Alizaliwa Kaloleni, akasomea misheni, akafundisha vijijini kabla ya kuteremka kuja kwetu. Koti lake ni moja, na mfuko wake wa kulia ni mweupe kwa chaki hata siku za harusi. Chai yake huinywa ikiwa imepoa kwa sababu ya maneno mengi. Maktaba yetu ya vitabu mia nne aliianza kwa sanduku moja la sabuni.

Lakini aliyesoma kwake atamkumbuka kwa rejista. Mwalimu Jefwa hakumwita mtoto kwa jina moja. Alimwita kwa jina lake, la babake na la babu yake, na mtoto asimame aitikie, "Nipo, Mwalimu." Asiyelijua jina la babu yake hakuchapwa. Alirudishwa nyumbani akaulize, na wazazi wengine walikuja juu wakisema huyu mwalimu ana wazimu. Kwenye mpira ndipo ilipokuwa balaa. Mwaka 1952 alikuwa refa tulipocheza na vijana wa Shika Adabu, kule Likoni. Mchezaji wetu akaushika mpira kwa mkono, Mwalimu akaanza kumwita kwa majina yake matatu amuonye, na alipofika kwa babu mpira ulikuwa umeshaingia wavuni mwao, na bao likahesabiwa. Watu wa Likoni hawajatusamehe hadi leo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa aliandike mtu mwingine.

Mwaka 1959 darasa la kidato cha nne, wavulana kumi na wawili, lilipangiwa kusoma riwaya moja ya kale ya Kiingereza kwa ajili ya mtihani wa mwisho. Ni hadithi ya Mzungu mpima ardhi anayeondoka pwani na wapagazi kwenda bara kutafuta njia ya reli. Njiani tamaa inamla. Anapiga, anaua, na mwishowe anafariki kwa homa akiililia nafsi yake iliyopotea. Mwalimu hakusema kitabu ni kibaya. Alisema Kiingereza chake ni kitamu, na kwamba mwandishi aliuona utawala ule kuwa ni wizi akathubutu kusema. Lakini katika kurasa mia tatu hakuna mpagazi hata mmoja mwenye jina. Hawazungumzi, wanapiga mayowe tu. Wanakufa kumi na tisa, na kila mmoja anapata nusu ya sentensi. Mwandishi alililia giza lililomwingia Mzungu mmoja, alisema Mwalimu, na waliombebea mizigo akawafanya wao ndio giza.

Walipofika ukurasa wa 41, anapokufa mpagazi wa kwanza, alinyamaza. Mimi huku nikaacha kupiga taipu, maana Mwalimu Jefwa kunyamaza si jambo la kawaida. Kisha akawauliza vijana ni nani mwenye jamaa aliyechukuliwa na Kariako, wale wapagazi wa jeshi la Mwingereza katika vita vya Mjarumani, asirudi. Akaanza yeye. Babake, Gona Fondo, alichukuliwa mwaka 1917 akabebe unga na risasi, na tangu siku hiyo haikuja barua wala salamu. Mamake, Mama Jumwa, alikataa hadi kufa kwake asisimamishiwe mumewe koma, kile kigingi cha kumkumbukia marehemu, kwa sababu hakuna aliyemwambia kuwa amekufa. Basi Mwalimu akachukua penseli, akaandika jina la babake kwenye ukingo wa ukurasa, kando ya yule mpagazi. Vijana nao wakaandika, kila mmoja kitabuni mwake.

Ikawa ndiyo desturi. Kila alipokufa mpagazi kitabuni, darasa lilimpa jina la mtu wa kwao. Salem wa Likoni alitoa la mjomba wa mamake. Mwangi, ambaye babake alifanya kazi ya reli hapa Changamwe, alitoa la babu yake. Kitabu kilipokwisha, kumi na tisa wote walikuwa na majina. Mwalimu aliniambia tukinywa chai kwamba ukingo wa ukurasa wa 41 ndio kaburi la babake, na hana jingine.

Nami nilifanya nini? Mimi ni mtu wa fomu. Mende akitumbukia katika wino, nitatafuta fomu yake. Muhula ulipokwisha nilivikagua vitabu, nikaona maandishi, nikajaza Fomu ya Vitabu Vilivyoharibiwa. Nikapiga taipu ukurasa baada ya ukurasa, na kilichoandikwa, neno kwa neno, kisha fomu nikaipeleka kwa wakubwa. Wallahi sikuwa na nia mbaya. Sikuwa na nia yoyote, na hilo ndilo linaloniuma.

Zilikuwa siku za Hali ya Hatari. Mkaguzi, Mzungu, alipoona majina ya Waafrika yameandikwa kando ya mauaji yaliyofanywa na Mzungu, aliona kiapo cha siri cha kuwaasi Wazungu. Alikuja na motokaa yake akatoa amri: majina yafutwe siku ileile, la sivyo vijana hawaufanyi mtihani na mwalimu wao anafukuzwa. Mwalimu Jefwa alijibu kwamba kazi yake waichukue tu. Lakini mtihani haukuwa wake, ulikuwa wa watoto wa watu. Akaomba raba.

Nilimwambia niachie mimi nifute, kosa ni langu. Alikataa. Alisema aliyezika ndiye wa kufukua. Alivifuta vitabu vyote kumi na vitatu, vya vijana na chake, kwa mkono wake, akianzia kurasa za mwisho kurudi nyuma, na mlango ulikuwa wazi nikamwona. Ukurasa wa 41 wa kitabu chake aliuacha mpaka mwisho kabisa. Alipomaliza alipuliza vumbi la raba, akafunga kitabu, akaenda kugonga kengele.

Kesho yake aliita rejista kwa jina moja moja. Nilidhani ana haraka. Miaka minne sasa, hajaita majina matatu tena.

Vijana kumi na mmoja kati ya kumi na wawili walifaulu. Ukuu wa skuli, uliokuwa wake kwa haki, alipewa mwingine. Mimi hakunilaumu hata siku moja, na kila asubuhi alinisabahi kama kawaida. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nimemlea mimi mwenyewe.

Wiki iliyopita, tulipokwisha kuipandisha bendera yetu, nilifungua kabati nitupe makaratasi ya zamani. Nikaikuta nakala ya kaboni ya fomu ile. Majina yote kumi na tisa yamo, ukurasa kwa ukurasa, kama nilivyoyapiga. Sistahili shukrani. Nilihifadhi bila kujua, kama nilivyoharibu bila kujua.

Basi Ijumaa tarehe 20 Desemba, saa tisa baada ya sala, karamu itafunguliwa kwa rejista. Nitaiita mimi, kutoka kwenye fomu hiyo. Salem, Mwangi na wenzao wameshajibu kuwa watakuja, kila mmoja amwitikie wake.

Mwalimu wetu, ahsante kwa miaka yako yote, na niwie radhi kwa ile siku moja. Mungu akujaalie ustaafu wa raha huko Kaloleni, na chai iliyopoa kama uipendavyo. Jina la kwanza ni la Gona Fondo, ukurasa wa 41. Nitaliita, kisha nitanyamaza nikungoje wewe.